Alama za Kompyuta na Pumzi za Mtoto

Wengi wenu mmezoea kuukuta ukurasa huu ukizungumza juu ya chanjo, uji wa lishe na namna ya kumtunza mtoto mwenye homa. Mwezi huu tumeona tuandike juu ya zile alama ndogo ambazo watoto wetu huzichapa kwenye kompyuta wanapojifunza kutengeneza kurasa za intaneti. Msishangae. Kabla hatujafika mbali mtaona kwamba hatukuacha kazi yetu ya uuguzi.

Baadhi ya akina mama wamekuwa wakituuliza hivi: mwanangu anakaa mbele ya kompyuta hadi usiku, nami nikichungulia sioni hata sentensi moja ya maana, naona mistari miwili iliyosimama, alama ya mshangao, alama za sawasawa zikiwa tatu kwa mkupuo. Je, hiyo ni elimu au ni mchezo? Jibu letu ni kwamba ni elimu, na mama aliyewahi kutunza daftari la upatu anayo sehemu kubwa ya elimu hiyo tayari. Tena inafaa ajue kidogo, maana mtoto akikosea alama moja kompyuta haisemi kitu. Inatoa jibu la uongo kwa uso mkavu.

Lugha inayotumika sana kwa kazi hiyo inaitwa JavaScript. Aliitunga Brendan Eich mwaka 1995 akiwa mfanyakazi wa kampuni ya Netscape huko Marekani, na toleo la kwanza alilitengeneza kwa muda wa siku 10 hivi. Tangu hapo imerekebishwa mara nyingi, lakini baadhi ya tabia zake za ajabu zimebaki, kwa sababu kurasa nyingi mno zilikwisha kuandikwa kwa kuzitegemea. Alama zinazofanya kazi ndani ya lugha hiyo huitwa opereta. Majina na namba ni kama unga, maji na chumvi mezani. Opereta ndiyo inayosema kipi kichanganywe na kipi, na kwa namna gani.

Zile za hesabu mnazijua. Kujumlisha ni +, kutoa ni -, kuzidisha ni nyota *, kugawanya ni mstari wa kulala upande /. Iko na nyingine, %, ambayo hapa haina maana ya asilimia hata kidogo. Maana yake ni baki. Sisi wauguzi tunahesabu mimba kwa majuma na siku. Mama mwenye mimba ya siku 200 ana majuma 28 na siku 4, na hizo siku 4 ndizo kompyuta itakazokupa ukiandika 200 % 7.

Mlipokuwa shule ya msingi mlikariri MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kompyuta nayo inafuata utaratibu wa namna hiyo. Tuseme binti yako ametengeneza ukurasa mdogo wa kuwasaidia akina mama wa kikundi kuhesabu michango. Kila mwanachama anatoa shilingi 2000 za mfuko wa jamii na 3000 za hisa, na leo wamehudhuria wanachama 4. Binti akiandika 2000 + 3000 * 4 kompyuta itaanza kuzidisha, halafu itajumlisha, nayo itasema 14000. Lakini kwenye sanduku kuna 20000. Akiweka mabano, (2000 + 3000) * 4, hesabu inakuwa sahihi. Kwa kukosa mabano mawili tu, mtunza hazina atatazamwa kwa jicho baya kwa shilingi 6000 ambazo wala hazikupotea, na kikundi kilichodumu miaka kinaweza kuvunjika.

Jambo moja la kuangalia hapo: mtoto aliyekariri neno MAGAZIJUTO bila kuelezwa anaweza kudhani kwamba kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Sivyo. Kompyuta inazipa + na - cheo kimoja, inasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo 10 - 3 + 2 ni 9, wala si 5.

Sasa tuje kwenye hila ya alama ya kujumlisha, ambayo inawakamata wanafunzi karibu wote. Mtu anapoandika namba kwenye kisanduku cha ukurasa, kompyuta haiipokei kama namba. Inaipokea kama maandishi, sawa na jina la mtu. Na alama + ikikutana na maandishi haijumlishi, inaunganisha. Ukiandika 5000 kwenye kisanduku cha kwanza na 2000 kwenye cha pili, ukasema vijumlishwe, utapata 50002000. Milioni hamsini na elfu mbili! Na ajabu ni kwamba alama ya kutoa haina tabia hiyo. Maandishi "5000" kutoa "2000" yanaleta 3000, kwa sababu maandishi hayawezi kutolewa, basi kompyuta inayageuza kuwa namba yenyewe. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kuijaribu kazi yake kwa kutoa, akaona imekaa vizuri, akalala usingizi. Dawa yake ni kuigeuza namba kwa amri ya Number mara tu inapoingia, kabla ya kufanya nayo hesabu yoyote.

Hila hiyo hiyo ipo kwenye kulinganisha. Alama > maana yake ni kubwa kuliko, na < ni ndogo kuliko. Mama anafahamu kadi ya kliniki ya mtoto na jinsi tunavyotazama mstari wa uzito kama unapanda au unashuka. Fikirini ukurasa unaouliza uzito wa mwezi uliopita na wa mwezi huu. Mwezi uliopita mtoto alikuwa na kilo 9.8, mwezi huu ana 10.1. Ameongezeka, tunamshukuru Mungu. Lakini kama namba hizo hazikugeuzwa, kompyuta inalinganisha maandishi kwa maandishi, herufi kwa herufi, kama vile tunavyopanga majina kwenye kamusi. Inatazama 1 na 9, inaona 1 inatangulia, inaamua kwamba 10.1 ni ndogo kuliko 9.8. Mama anaambiwa mtoto amepungua. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: mtoto aliyeshuka kutoka 10.1 hadi 9.8 anaonekana amenenepa, na mama anarudi nyumbani amefurahi.

Tugeukie alama ya sawasawa. Mtu wa kwanza kuichapa kitabuni alikuwa Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557. Tunamtaja kwa kuwa alikuwa mganga, mwenzetu wa kazi. Alichoka kuandika maneno "ni sawa na" kila mara, akachora mistari miwili inayokwenda sambamba, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Mwaka uliofuata alifia gerezani, maskini, lakini alama yake inatumika duniani kote.

Katika JavaScript alama hiyo moja, =, haiulizi wala haisemi kwamba vitu viwili ni sawa. Inaweka. Ukiandika pumzi = 52 unakuwa umeiambia kompyuta: chukua 52, iweke kwenye chombo kiitwacho pumzi. Ukitaka kuuliza kama vitu viwili ni sawa unatumia alama tatu pamoja, ===. Zipo pia mbili, ==, nazo huuliza kwa ulegevu: zinakubali kwamba maandishi "5" na namba 5 ni kitu kimoja. Kwa maoni yetu anayeanza azisahau hizo mbili, ajifunze tatu. Mlezi anayelea kwa "haya, inafanana" atakuja kulia.

Katika kitabu cha Waamuzi sura ya 12 tunasoma jinsi Wagileadi walivyosimama kwenye vivuko vya Yordani wakamtaka kila apitaye atamke neno Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kulitamka, walisema Sibolethi, nao walikufa 42,000. Tofauti ilikuwa sauti moja. Hatusemi kwamba kompyuta inaua namna hiyo, lakini mtazame mfano ufuatao.

Katika mwongozo wa kuhudumia watoto wagonjwa, ule ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990, ambao wahudumu wa zahanati zetu wanaufuata, zipo dalili za hatari ambazo kila mtoto wa kuanzia miezi 2 hadi miaka 5 ni lazima atazamwe kama anazo. Hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila kitu. Amepata degedege. Amelegea sana au hana fahamu. Mtoto mwenye hata moja ya hizo ni wa kupelekwa hospitali haraka.

Kompyuta inasemaje "hata moja"? Inatumia mistari miwili iliyosimama, ||, maana yake "au". Na alama ya && maana yake "na". Hapa inabidi tuangalie Kiswahili chetu wenyewe. Tukimwuliza mgeni, "Utakunywa chai au maziwa?" tunategemea achague kimoja. "Au" ya kompyuta si hiyo. Inakubali kimoja, inakubali viwili, inakubali vyote vinne kwa pamoja. Inakataa tu pale ambapo hakuna hata kimoja. Lakini "na" ni kali: inataka vyote. Mtoto wako akitengeneza ukurasa wa dalili hizi akaunganisha kwa &&, basi mtoto mgonjwa hatapelekwa hospitali mpaka awe hanyonyi, na anatapika, na ana degedege, na amezirai. Huyo amekwisha kuchelewa. Na akiuliza habari ya degedege kwa alama moja ya sawasawa, degedege = "ndiyo", hajauliza chochote; ameweka jibu la ndiyo yeye mwenyewe, na kila mtoto atakayeletwa ataonekana ana degedege.

Alama ya mshangao, !, ni "siyo". Inageuza kweli kuwa si kweli. Kama ananyonya ni kweli, basi !ananyonya ni si kweli. Imekwisha, haina zaidi.

Aliyeonyesha kwamba kweli na si kweli zinaweza kufanyiwa hesabu kama namba ni George Boole, mtoto wa fundi viatu wa mji wa Lincoln huko Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1854. Elimu kubwa aliyokuwa nayo alijifunza mwenyewe. Hata hivyo sisi tunapenda zaidi habari za mkewe, Mary Everest Boole. Mumewe alipofariki Desemba 1864 alimwachia mabinti watano, wa mwisho akiwa bado mchanga wa miezi michache. Mjane huyo akafanya kazi, akawalea, akaandika vitabu vya namna ya kuwafundisha watoto wadogo hesabu kwa vitu vya nyumbani. Binti mmoja, Alicia, akawa bingwa wa jiometri bila kupita chuo kikuu. Mwingine, Lucy, akawa mtaalamu wa kemia akifundisha katika chuo cha wanawake cha udaktari mjini London. Na yule mchanga, Ethel, akawa mwandishi wa riwaya mashuhuri. Wale wanaotuambia kwamba mama mjane hawezi kumsomesha mtoto wa kike hesabu wasome habari za nyumba hiyo.

Turudi kwenye mtoto anayekohoa. Hapa ndipo alama zinapokuwa na uzito. Tunahesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Mwongozo unasema kwamba mtoto wa miezi 2 hadi kabla hajatimiza miezi 12 anapumua haraka kama pumzi zake ni 50 au zaidi. Aliyetimiza miezi 12 hadi kabla ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Kikohozi pamoja na kupumua haraka kinatufanya tuhesabu kwamba ana nimonia, naye anahitaji dawa.

Sikilizeni maneno "50 au zaidi". Mtoto wa miezi 7 mwenye pumzi 50 kamili yumo. Kwa kompyuta hiyo ni >=, yaani kubwa kuliko au sawa na. Kijana akiandika > peke yake, mtoto mwenye 51 atapata dawa na mwenye 50 ataambiwa ni mafua, arudi nyumbani. Vivyo hivyo kwa umri: "kabla hajatimiza miezi 12" ni < 12. Ukiandika <= 12, mtoto aliyetimiza mwaka leo, mwenye pumzi 44, atapimwa kwa kipimo cha wachanga na ataonekana mzima.

Na ipo hila moja mbaya kuliko hizo zote, kwa sababu macho yanaipenda. Darasani tunaandika kwamba umri uko kati ya 2 na 12 hivi: 2 <= miezi < 12. Ni hesabu safi kabisa ubaoni. Kompyuta haiisomi hivyo. Inaanza na kipande cha kushoto: je, 2 ni ndogo kuliko au sawa na miezi? Tuseme mtoto ana miezi 36. Ndiyo, ni kweli. Sasa badala ya miezi imebaki na neno "kweli" mkononi, nalo inalihesabu kuwa 1, halafu inauliza: je, 1 ni ndogo kuliko 12? Kweli. Basi mtoto wa miaka 3 amekuwa mchanga. Akiwa na pumzi 45 atapimwa kwa 50, na ataachwa na nimonia yake. Hakuna onyo lolote kwenye kioo, hakuna maandishi mekundu. Njia sahihi ni kuuliza mara mbili na kuunganisha kwa "na": miezi >= 2 && miezi < 12.

Tena, ukichanganya "na" pamoja na "au" katika mstari mmoja, kompyuta inatanguliza &&, kama inavyotanguliza kuzidisha mbele ya kujumlisha. Mwambieni mtoto aweke mabano hata pale asipoyahitaji. Mabano hayalipiwi.

Huenda mama mmoja akasema, mimi sijui kuchapa, nitamsaidiaje mtoto? Huna haja ya kuchapa. Mwulize akuonyeshe mpaka uko wapi, halafu mwambie ajaribu namba tatu: moja chini ya mpaka, mpaka wenyewe, na moja juu yake. Kwa mchanga ni 49, 50 na 51. Kwa umri ni 11, 12 na 13. Makosa ya alama hizi mengi hujificha pale katikati, na mtoto kwa kawaida hujaribu namba rahisi kama 30 na 80 tu, kisha anasema kazi imekwisha. Mwambie pia aache kisanduku kitupu aone kinachotokea. Amri ya Number ikipewa kisanduku kitupu inaleta 0, na pumzi 0 si 50 wala si zaidi. Ukurasa utasema mtoto hapumui haraka, na hapo utakuwa umesema kweli kwa njia ya kutisha. Ni lazima programu ikatae kisanduku kitupu kabla ya kuanza hesabu.

Kurasa za namna hiyo ni za kujifunzia. Asije mtu akamweka mtoto anayekohoa mbele ya kompyuta ya nyumbani badala ya kumpeleka zahanati. Na kama mtoto bado hajatimiza miezi 2, namba tulizotaja si zake: kwake ni pumzi 60 au zaidi, na akiugua apelekwe siku hiyo hiyo.

Anayetaka kujaribu pamoja na mwanawe, afungue Chrome kwenye kompyuta, abonyeze F12, achague palipoandikwa Console, achape mstari mmoja na kubonyeza Enter. Mwanzo mzuri ni huu: 0.1 + 0.2. Mwambie mtoto aseme jibu kwanza. Atasema 0.3, nayo kompyuta itaandika 0.30000000000000004. Si kwamba imeharibika. Inahesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwa hizo sehemu moja ya kumi haiandikiki ikaisha, kama vile sisi tusivyoweza kumaliza kuandika theluthi moja kwa desimali. Kwa sababu hiyo, anayetengeneza daftari la pesa na ahesabu kwa shilingi nzima.

Kisha mpeni hili la pili, bila mashine, kwa kalamu na karatasi: mtoto ana miezi 12, pumzi 40, hana dalili yoyote ya hatari ila anakohoa. Aandike maswali yote mawili ya umri na pumzi kwa alama, na aseme kompyuta itajibu nini. Jibu lake lazima liwe kwamba anapumua haraka. Likiwa vinginevyo, tazameni ile alama ya sawasawa iliyotakiwa kuambatana na >.